Kifaransa Nilichokikuta Kampala

Wengi wanaonifahamu hushangaa kwamba mimi, Mtanzania kutoka Mwanza ninayeishi na kufanya kazi Kampala, nimeamua kujifunza Kifaransa katika jiji ambalo shughuli zake huendeshwa kwa Kiganda na Kiingereza. Kwangu mimi hakuna ajabu, kwa sababu hapa Kifaransa ni lugha ya majirani: magharibi kuna Kongo, kusini kuna Rwanda, na watu waliotoka huko tunakutana nao sokoni, kanisani na katika nyumba za kupanga.

Wala lugha hiyo si ngeni Buganda. Mwezi Februari mwaka 1879, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa shirika la Mapadri Weupe, walitua Kigungu karibu na Entebbe. Waganda walisikia Lourdel akiitwa «mon père», yaani baba yangu, wakamwita Mapeera, na jina hilo leo linabebwa na jengo refu lililo katikati ya Kampala. Wakatoliki wakaja kuitwa Bafransa na Waprotestanti Bangereza, na uhasama wa makundi hayo ukafikia vita ya Mengo, hapa hapa Kampala, mwezi Januari 1892. Ninapopita Rubaga, kilima chenye kanisa kuu la Wakatoliki, huwaza kwamba palikuwa na wakati ambapo kuitwa Mfaransa katika mji huu lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Masomo yangu huwa jioni, katika kituo cha Alliance Française, taasisi iliyoanzishwa Paris mwaka 1883. Nilichokigundua huko, na ambacho natamani kila Mswahili akijue kabla hajaogopa, ni kwamba lugha yetu inatuandaa vizuri kwa sarufi ya Kifaransa. Wenzangu waliosomea Kiingereza tangu utotoni walisumbuka sana na sentensi kama «je le vois», ambamo anayeonwa anatajwa kabla ya kitenzi, ilhali sisi tunaosema «ninamwona» tumezoea tangu utotoni kumweka mtendwa mbele ya mzizi wa kitenzi. Upatanisho wa kisarufi nao haututishi. Anayesema «vitabu vizuri» bila kufikiri haoni ajabu kwamba katika «les bons livres» alama ya wingi inarudiwa katika kila neno, na aliyelelewa na ngeli zetu zote hawezi kulalamika kuhusu jinsia mbili tu, ingawa ni lazima azikariri pamoja na kila nomino.

Ugumu uko kwenye sauti. Sisi tunasoma kila herufi iliyoandikwa, lakini katika Kifaransa «parle», «parles» na «parlent» hutamkwa sawasawa. Kuna pia ile irabu ya «u» inayotamkwa kwa kubana midomo huku ulimi ukiwa mbele, ambayo hatuna kabisa: «dessus» ni juu na «dessous» ni chini, na kinachoyatenganisha maneno hayo katika matamshi ni irabu hiyo peke yake. Hapa hakuna njia ya mkato. Ni kusikiliza na kurudia.

Kwa kusikiliza, ninategemea RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, ambayo tangu 2010 ina matangazo ya Kiswahili. Nasikiliza kwanza habari kwa lugha yangu, kisha taarifa yao ya Kifaransa chepesi iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi, na kwa kuwa tayari najua kilichotokea, sikio linabaki na kazi moja tu ya kuyakamata maneno.

Mwalimu wangu mwingine ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Bukavu, anayeuza vitenge katikati ya mji. Kiswahili chake kimejaa Kifaransa, na bei zake hunipa somo ambalo darasani halipo. Darasani tunafundishwa kwamba 70 ni «soixante-dix», yaani sitini na kumi, na 90 ni «quatre-vingt-dix», yaani ishirini mara nne, na kumi. Yeye husema «septante» na «nonante», kama ilivyo Ubelgiji, iliyoitawala Kongo. «Mwanangu, sema septante mille, hata Kinshasa watakuelewa,» aliniambia nilipokuwa nikihesabu shilingi zangu polepole. Ninayatunza yote mawili, na sioni sababu ya kukiita Kifaransa chake cha daraja la pili, kwa maana ndicho kinachosemwa na mamilioni ya watu ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 21 Juni, siku ambayo Wafaransa wameifanya sikukuu ya muziki tangu 1982, mimi huiadhimisha kwa rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021.

Sasa najiandaa kwa DELF, mtihani rasmi wa Kifaransa kwa wageni, ngazi ya B1, yaani ya kati. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja ikiwa na alama 25. Kufaulu kunahitaji jumla ya 50 kati ya 100, na usipate chini ya 5 katika sehemu yoyote. Cheti chake hakiishi muda. Kuandika ndiko kunakonitaka bidii zaidi, kwa sababu ya zile herufi zisizotamkwa, kwa hiyo kila jioni naandika ukurasa mmoja na kuusoma kwa sauti. Katika kuzungumza sina wasiwasi, maana mama wa vitenge ameshakataa kunitajia bei kwa Kiswahili.