Tairi ya kona na tairi ya dragi ni vitu viwili

Vijana wengi wa hapa Dodoma wakinipigia wanataka tairi moja imalize kila kitu: ing'ang'anie kwenye kona, iondoshe gari vizuri kwenye mita 402 za dragi, yaani mbio za mstari ulionyooka, halafu iwarudishe Kibaigwa jioni. Mdogo wangu, tairi hiyo haipo. Amua kazi kwanza, tairi ifuate.

Dragi inataka ubavu laini. Ukiachia klachi, nguvu inakunja ubavu na sehemu inayogusa lami inarefuka, gari linashika badala ya kuserereka. Ndiyo maana wenzetu hushusha upepo wa tairi za nyuma hadi psi 20 (psi ni kipimo cha upepo) au chini ya hapo, na huzizungusha papo hapo mpaka zifuke moshi, mpira upate moto na vumbi litoke. Sasa ipeleke tairi hiyo kwenye sakiti, uwanja wa mbio wenye kona. Ubavu unalala, usukani unachelewa kujibu, na mizunguko michache tu mpira umechemka na gari linaanza kuteleza. Kule unahitaji ubavu mgumu na mpira unaovumilia joto mzunguko baada ya mzunguko.

Mimi naendesha Altezza RS200, saizi 215/45R17, na ndilo gari langu la kazini. Kona ndizo ninazozipenda, kwa hiyo nimebaki na tairi ambazo ubavuni, palipoandikwa TREADWEAR, pana namba 200; namba hiyo inaonyesha mpira unavyostahimili kuisha, ikiwa ndogo unaisha haraka. Yokohama Advan Neova AD09 na Bridgestone Potenza RE-71RS ziko kundi hilo. Toyo R888R ina 100: inashika zaidi, inaisha haraka, na mifereji yake ni michache, kwa hiyo mvua za Januari zikikukuta njiani utapata taabu. Namba hiyo kila kiwanda kinajipimia chenyewe, usiichukulie kama mizani.

Dukani, kabla ya bei, inama utafute tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Mtumba wenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira mkavu, wenye nyufa ndogondogo ubavuni, uache hapo hapo hata ukipewa kwa bei ya soda. Kwenye mwendo ule unaweka roho yako juu ya mpira huo.

Upepo ndio unaosumbua wengi huku kwetu. Asubuhi ya Julai Dodoma ni baridi, saa saba mchana lami inawaka, na upepo hupanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za joto. Pima tairi zikiwa baridi, kisha pima tena ukitoka tu kwenye mzunguko. Nami hupaka chaki begani mwa tairi, kwenye kipembe kidogo (pembetatu) kilichochorwa pale, kwenye lami iliyofungwa kwa ajili ya mbio. Chaki ikifutika kupita kipembe, upepo ni mdogo. Ikibaki mbali juu yake, umezidi.

Wenye Subaru zinazosukuma magurudumu yote manne, nyinyi msifunge tairi za dragi nyuma peke yake. Magurudumu yote manne yawe na kimo kimoja, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inaweza kuungua.

Altezza inasukuma nyuma tu, kwa hiyo natafuta rimu mbili za inchi 17, nati tano, nizifunge tairi za dragi na kuzibeba kwenye buti. Mwenye nazo Dodoma, Manyoni au Singida aniandikie hapo chini.