Wafiwa Walipigiwa Hodi?

Usingizi umenipaa tangu Shangazi aniulize swali lake, na nimeona bora niliandike hapa kuliko kuendelea kumwamsha Baba Watoto usiku wa manane. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: mahari ya mdogo wangu imepokelewa, Shangazi katolewa mtoto wa jicho salama, ofisi yetu imehamia jengo jingine. Yote yamepita. Kilichobaki kichwani ni lile swali.

Chanzo ni kazini. Mnajua hali yetu tangu vitabu vya kiada viwekwe mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Sisi wachapishaji binafsi tuliokuwa tunaishi kwa shule imebidi tutafute pengine pa kushika, na Bosi ameamua kwamba hapo pengine ni kwa watu mashuhuri: wasanii, wachezaji, wenye wafuasi wengi mtandaoni. Kwenye kikao akamtaja Judith Regan wa Marekani. “Huyo ndiye mchapishaji,” akasema, kisha akanipa kazi ya kuandaa maelezo ya maisha yake ili tujifunze. Nimeyaandaa. Na jioni nikawa jikoni namsimulia Baba Watoto, huku Shangazi kaketi mkekani na sinia la mbaazi mbichi. Jicho moja limefunikwa bandeji, kwa hiyo alikuwa anamenya kwa kupapasa: kidole gumba kinatafuta mshono wa ganda, kinalipasua, punje zinadondoka siniani. Nilidhani hasikilizi.

Nikaanza na sifa, maana anazo. Regan alianza kama mwandishi wa National Enquirer, gazeti la udaku, akaingia Simon & Schuster, kampuni kubwa ya vitabu, na huko akawachukua watangazaji wa redio ambao wasomi wa vitabu waliwabeza. Kitabu cha Rush Limbaugh kilitoka 1992, cha Howard Stern 1993, na vyote viwili viliuzwa kama njugu. Mwaka 1994 Rupert Murdoch, tajiri mwenye kampuni ya vitabu ya HarperCollins na televisheni ya Fox, akamvuta HarperCollins na kumpa chapa yake mwenyewe, ReganBooks. Fikirieni hilo kwa sisi tunaofanya kazi hii. Wahariri wengi huishi na kufa bila msomaji kujua waliwahi kuwepo, na huyu jina lake lilikuwa kwenye mgongo wa kila kitabu. Tena hakuchapisha udaku mtupu. Riwaya ya Gregory Maguire, Wicked, kuhusu yule mchawi mwanamke wa hadithi ya Oz, ambayo baadaye ilizaa mchezo mkubwa wa jukwaani, ilitoka kwake mwaka 1995. Mwandishi wa riwaya Wally Lamb alichapishwa naye. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha Jose Canseco, mchezaji wa besiboli aliyefichua dawa za kuongeza nguvu, na kelele zake zilifika hadi kwenye Bunge la Marekani. Yule mama alikuwa na jicho. Alijua watu wanataka kusoma nini kabla wenyewe hawajajua, na mimi kipaji hicho nakiheshimu.

Kisha nikaingia kwenye anguko. Mwaka 2006, kitabu cha O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Simpson aliachiwa huru na mahakama ya jinai Oktoba 1995 katika kesi ya kumuua mtalaka wake Nicole Brown na kijana Ron Goldman, lakini mwaka 1997 mahakama ya madai ikamkuta anawajibika kwa vifo vile na kumwamuru alipe dola milioni 33.5. Sasa kitabu, If I Did It (yaani “Kama Ningefanya”), kikamfanya aeleze usiku ule “ungekuwaje” kama angekuwa yeye. Regan akamhoji pia mbele ya kamera, mahojiano yarushwe na televisheni ya Fox. Na mtu aliyemwandikia Simpson, Pablo Fenjves, aliwahi kufanya kazi na Regan kule National Enquirer, na ndiye yule yule jirani wa Nicole aliyesimama mahakamani mwaka 1995 kueleza jinsi alivyosikia mbwa akilia usiku wa mauaji.

Nilikuwa nimefika hapo. Baba Watoto kaacha chai inapoa. Shangazi akasema, bila kuinua uso:

“Mwanangu, hebu ngoja. Wafiwa walipigiwa hodi?”

Nikasema, “Kitabu kilikuwa siri, Shangazi. Kilitangazwa katikati ya Novemba, na mwisho wa mwezi ule ule kilitakiwa kiwe dukani.”

“Siri,” akasema. “Mpishi anajua, mpakuaji anajua. Mwenye msiba ndiye hajui.”

Akaendelea na mbaazi zake.

Ni hayo tu. Nimeyarudia maneno hayo kwenye daladala, nimeyarudia kwenye foleni ya benki, nimeyarudia nikiwa nasahihisha nukta na mkato. Kinachoniuma ni kwamba nimesoma habari za kisa hiki kwa wingi, na karibu zote zinazungumzia Regan alipata nini na akapoteza nini. Nani alimfukuza. Nani alimsaliti. Alidai shilingi ngapi. Kumbe nyumba ya Nicole ilikuwa inajulikana. Mtu aliyeandika kitabu chenyewe alikuwa jirani yake! Kati ya watu wote hawa hakuna aliyepotea njia ya kwenda kwa wafiwa.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua Shangazi analiulizia nini swali hilo. Mnakumbuka msiba wa binamu yangu, mwanawe Shangazi, ile ajali ya Segera, na jinsi Shangazi alivyojua. Mtu alimwonyesha picha kwenye simu kabla hajatokea wa kumwambia. Halafu gazeti moja likaichapa ile picha ukurasa wa mbele. Sitaki kuirudia yote. Nasema tu kwamba mwanamke yule akikuuliza kama wafiwa walipigiwa hodi, haulizii Marekani peke yake.

Basi nikakaa na hasira. Asubuhi nikaenda nazo kazini, nikaufungua ule muswada tulioletewa, wa msanii ambaye nyote mnamfahamu na ambaye sitamtaja. Kuna sura nzima kuhusu marehemu mkewe: ugonjwa wake, ugomvi wao wa chumbani, maneno aliyoyasema akiwa hoi hospitalini. Imeandikwa vizuri. Msomaji atalia, na kitabu kitauzwa. Kwenye pambizo ya ukurasa wa kwanza wa sura ile nikaandika kwa kalamu nyekundu: “Mama wa marehemu amesoma?” Bosi alipopita akaiona. Akasema tukianza kuomba ruhusa kila nyumba hatutachapa hata kalenda. Sikumjibu, kwa kuwa alikuwa na wageni, lakini nimeuacha wino wangu pale pale.

Jioni nilirudi nikiwa nimeshaamua kwamba Regan simpendi na sitaki kusikia habari zake. Shangazi ndiye aliyenidai hadithi iliyobaki. Katolewa bandeji mchana ule, anaangaza kama mtoto aliyenunuliwa viatu, anasoma kwa sauti maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. “Nimalizie ya yule mama wa vitabu,” akasema.

Nikammalizia. Kwamba watu walichachamaa nchi nzima, hata vituo vya televisheni vilivyo chini ya Fox vikaanza kukataa kurusha mahojiano. Kwamba tarehe 20 Novemba 2006 Murdoch alifuta vyote viwili, kitabu na kipindi, na nakala zipatazo 400,000 zilizokwisha kuchapwa zikarudishwa kuharibiwa. Kwamba Regan alijitetea kwa kusema yeye mwenyewe aliwahi kupigwa na mwanamume, na kwamba kwake kitabu kile kilikuwa ungamo la Simpson. Hapo Shangazi alitikisa kichwa polepole, akasema, “Maskini.” Alimaanisha hivyo hasa. Kwamba Desemba 15 alifukuzwa, baada ya ugomvi wa simu na mwanasheria wa kampuni. Kampuni ilidai ametoa maneno mabaya juu ya Wayahudi, yeye akakana. Mwaka uliofuata akaishtaki akidai dola milioni 100. Januari 2008 wakamalizana nje ya mahakama, na kampuni ikatamka kwamba inakubali hakusema neno la chuki dhidi ya Wayahudi. Lakini ReganBooks ilikuwa imeshakufa. Miaka kumi na miwili ya kazi, jina likafutwa kwenye migongo ya vitabu.

“Na kitabu?” akauliza.

Hapo ndipo palipo pagumu, na hapo ndipo hasira yangu ilipolegea. Nikamwambia kwamba mwaka 2007 mahakama ya ufilisi kule Florida iliipa familia ya Goldman haki za kitabu kile, kwa kuwa walikuwa wanamdai Simpson zile fedha za hukumu na hawakuwa wamelipwa. Na familia ile, iliyokuwa imepiga kelele kisitoke, ikakitoa yenyewe. Nikamtafutia jalada kwenye simu, nikalikuza ili jicho jipya lione. Neno “kama” la Kiingereza, “If”, ni herufi mbili tu, nao wakalifanya dogo mno, wakalichomeka ndani ya herufi inayofuata. Ukilitazama haraka, jalada linasomeka “Nilifanya”. Chini wakaongeza kwamba hayo ni maungamo ya muuaji.

Shangazi aliishika simu kwa mikono miwili muda mrefu.

“Huyu ni baba wa yule kijana?”

“Ni baba yake na jamaa zake. Lakini dada wa Nicole alipinga. Aliwaomba watu wasikinunue.”

“Huyo baba simlaumu,” akasema. “Na dada mtu simlaumu. Kila mmoja analia kwake.”

Nikamuuliza sasa hodi inasaidia nini, kama ukienda nyumba hii unaambiwa chapa na nyumba ya pili unaambiwa choma. Sikumuuliza kwa kumpinga, nilitaka kujua kweli. Akanitazama kwa macho yote mawili, jambo ambalo hajalifanya mwaka huu wote, akasema, “Wewe nenda. Ukishakaribishwa ndani, utajua la kufanya.”

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. “Siku ukitaka kumwandika mwanangu, njoo uniulize. Nitakwambia alivyokuwa bahili wa maembe.”

Na akaanza. Kwamba binamu alikuwa anayafukia maembe kwenye majivu ili yaive akiwa peke yake, kwamba aliwahi kuweka alama kwenye kila embe la mti wa nyuma kwa mkaa ili ajue nani kaiba. Tangu mazishi, Shangazi hajawahi kulitaja jina lake mbele yetu, mnalijua hilo. Sasa alikuwa anacheka mpaka anafuta jicho, na mimi nampigia kelele asiliguse, daktari kakataza. Baba Watoto akatoka chumbani kuja kuona kuna nini. Watoto wakaja. Tukakaa jikoni hadi chakula kikapoa, Shangazi anasimulia, jina linatajwa na kutajwa tena kama mtu aliyetoka dukani na atarudi sasa hivi. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuipima.

Leo nimemwambia Bosi kwamba nitakwenda Morogoro kwa mama wa marehemu, na kwamba nitabeba ile sura nzima, si muhtasari. Alinyamaza, akauliza akikataa itakuwaje. Nikamwambia akikataa, tutakaa na msanii tuzungumze upya, na kama itabidi sura ipungue, ipungue. Akasema niende Alhamisi na nisichelewe, maana kiwanda kinatusubiri. Sijui kama amekubali au ameniondoa mbele yake, lakini nauli imetolewa.

Kwenye maelezo niliyomwandalia nimeongeza pia ya baadaye, kwa haki ya Regan: kwamba mwaka 2013 alianzisha chapa nyingine, Regan Arts, na kwamba yale mahojiano yaliyofungiwa yalikuja kurushwa na Fox tarehe 11 Machi 2018, na Regan akakaa studio akayazungumzia. Simpson amefariki Aprili 2024. Nimemwandikia Bosi ukurasa mmoja wa ziada kuhusu familia ya Goldman na familia ya Brown, na nimeuweka mwanzo, kabla ya hesabu za mauzo.

Kinachonikosesha raha usiku huu ni ukuta wa nyuma. Ule ufa wa upande wa jirani umefika chini, vidole vinne vinaingia, na tofali mbili za juu zinacheza ukizigusa. Watoto wake wanachezea hapo hapo kila jioni. Nimemwambia, anasema ukuta ni wetu, na kweli ni wetu. Fundi aliyechukua malipo ya mwanzo hapokei simu, mawingu yameanza kukaa upande wa baharini, na Alhamisi mimi nitakuwa Morogoro. Baba Watoto anasema ataukingia miti. Kama kuna anayemfahamu fundi mwaminifu huku Tabata, naomba aniandikie kesho mapema.