Nilivyopata gari linaloingiza kiti cha magurudumu cha mwanangu bila kulipa milioni 45

Wiki hii peke yake wamenipigia wazazi watatu wakiniuliza lile gari nimelitoa wapi na limenigharimu shilingi ngapi, na mmoja wao ameshatajiwa bei ileile iliyonitoa machozi mimi mwaka ule. Kwa hiyo naandika yote hapa, anayehitaji asome, maana nilidanganywa sana na sitaki mwingine adanganywe.

Mwanangu ana miaka 12, ana mtindio wa ubongo, hatembei. Alipokuwa mdogo nilimbeba mgongoni kama mtoto yeyote, tunapanda daladala, kiti kinakunjwa kinawekwa kwa konda, maisha yanaenda. Lakini mtoto anakua jamani. Alipofika kilo 36 mgongo wangu ukakataa, ikabidi kila safari nimtafute mtu wa kumnyanyua. Tunaishi Goba na mazoezi yake ya viungo ni hospitali ya CCBRT Msasani mara mbili kwa wiki. Mwendokasi ingetufaa sana maana vituo vyake sakafu iko usawa wa mlango wa basi, kiti kinaingia bila kunyanyuliwa, ila Goba haijafika, na mpaka ufike pale kituo cha Morocco umeshakodi gari lingine. Bajaji kiti hakiingii. Gari la kukodi kwenda, kusubiri na kurudi lilikuwa elfu hamsini na kitu, piga mara nane kwa mwezi uone.

Nikasema basi ninunue gari. Nikaenda yadi moja, kijana akaniuliza la matumizi gani, nikamwambia ukweli. Akabadilika palepale. "Dada, hilo sasa ni gari maalum, la kuagiza, andaa milioni 45." Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nikampigia mdogo wangu yuko Minneapolis, Marekani, anahudumia wazee, nikijua huko mambo ni rahisi, akaniambia dada hata huku familia zinalia, gari la familia likishakatwa sakafu na kushushwa ili kiti kiingie linazidi dola elfu 60, na bima ya afya mara nyingi haigusi mambo ya gari.

Ndo nikaingia kwenye wazo la rampu, ule mteremko wa kupandishia kiti kwenye gari. Tulikuwa na Noah ya zamani ya shemeji, akatuachia kwa bei ya undugu. Kila mtu akaniambia lipeleke kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee rampu ya chuma, laki tatu umemaliza. Nikalipeleka. Fundi akatengeneza kitu cha mita moja na nusu, bati nene lile la vinundu, kizuri kwa macho, kakipaka na rangi ya fedha. Siku ya kujaribu majirani wote wametoka nje. Kwanza ile rampu yenyewe kuinyanyua ilihitaji watu wawili. Pili, nyuma ya Noah pako juu, nilipopima baadaye nikakuta karibu sentimita 60 kutoka chini, sasa sentimita 60 kwa rampu ya mita moja na nusu huo ni mlima, siyo mteremko. Wanaume wawili walisukuma wakafika katikati, wa kushoto akateleza, kiti kikaanza kurudi nyuma, nikakizuia kwa mwili wangu mzima. Wakasukuma tena, safari hii wakafika juu, na hapo ndo kichwa cha mwanangu kikafika kwenye ukingo wa paa. Hapiti. Tulikilaza kiti kwa nyuma, magurudumu ya mbele hewani, ndo akaingia, akiwa ameshika shati langu hataki kuliachia.

Pamoja na hayo tulilitumia miezi minne. Sikuwa na lingine.

Kilichonifanya niliache ni siku moja tunashuka kuelekea Tangi Bovu. Kiti nilikuwa nakifunga kwa mikanda ile ya kubania mizigo ya kwenye malori, nikiipitisha kwenye mikono ya kiti kwa sababu ndo rahisi kufikia. Bodaboda akakatiza, dereva akapiga breki, mkono wa kulia wa kiti ukachomoka. Ile mikono inatengenezwa ichomoke ili mtoto ahamishiwe kitandani, na mimi nilikuwa naichomoa kila usiku kwa mkono wangu mwenyewe! Kiti kikalala upande, mwanangu akapiga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Alishonwa nyuzi tatu. Kovu lipo mpaka leo na kila nikimwosha uso naliona. Kwa hiyo mzazi, rampu hata ukikosa utanyanyua, lakini kufunga usicheze. Mikanda minne, miwili mbele miwili nyuma, inashika fremu ile ya chuma iliyochomelewa, siyo mikono, siyo magurudumu, siyo pa kuwekea miguu. Na mtoto mwenyewe afungwe mkanda wake unaoshika kwenye gari, ule wa kwenye kiti kazi yake ni kumkalisha wima tu, ajali hauiwezi.

Sasa nilivyolijua gari lenyewe. Niko maegesho ya pale hospitali namsubiri dereva, ikaja Toyota Ractis ya kawaida kabisa, ya bluu. Akashuka mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kamleta mama yake. Akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza kitufe, na lile gari likaanza kushuka nyuma taratibu kama ngamia anapiga magoti. Kisha akalaza ubao mpana uliokuwa umesimama palepale mlangoni, akamshusha mama yake akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mzee peke yake, hajatoa jasho. Nilimfuata mbio. "Shikamoo mwalimu, samahani, hili gari limetengenezwa wapi?" Akacheka akasema halijatengenezwa mahali, limekuja hivi hivi na meli. Akanieleza Japani wazee ni wengi mno, kwa hiyo viwanda vyenyewe vinatoa magari haya tangu mwanzo, Toyota wanayaita Welcab, yakishatumika yanauzwa mtumba kama magari mengine. "Tafuta hilo neno mwanangu, na uangalie picha ya nyuma uone ubao." Nilimsalimia vizuri yule bibi nikaondoka nikiwa mtu mwingine.

Usiku ule sikulala. Nikaingia kwenye mitandao ya wauza magari ya Japani, nikaandika Welcab, yakaja! Noah zipo, Voxy zipo, Sienta, Ractis, Hiace zenye lifti ya umeme, na kampuni nyingine nazo zina ya kwao, Nissan, Honda, mpaka Daihatsu na Suzuki vidogo. Na bei nilizoziona zilikuwa sawa na Ractis ya kawaida ya mwaka uleule, mbili tatu zilikuwa chini zaidi. Fikiria milioni 45 niliyotajiwa. Kuweni makini kitu kimoja, siyo kila Welcab inaingiza kiti, nyingine ni kiti cha abiria tu kinazunguka na kutoka nje ili mzee ahamie, zile hazikufai kama mtoto haketi mwenyewe.

Nikachagua Ractis kwa sababu moja kubwa, Dar zimejaa na spea zake kuanzia bampa mpaka boshi unazipata Kariakoo, na injini ni ndogo. Lakini safari hii nilipima kwanza. Nilimkalisha mwanangu kwenye kiti chake na mto wake wa kichwa, nikachukua tepu ya fundi cherehani, kutoka sakafuni mpaka utosini sentimita 121, upana wa kiti kwenye ringi za kusukumia 58. Kisha nikamwandikia muuzaji kule Japani, sinunui mpaka unitumie picha ya mlango wa nyuma uko wazi na tepu imeshikwa, juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia. Wa kwanza hakujibu. Wa pili akatuma picha sita, kwenye moja unaona kabisa kidole cha mtu kimeshika tepu. Huyo ndo nilinunua kwake. Nikamwomba na video ya gari linashuka na kupanda, akatuma.

Lilifika Dar kwa dola elfu nne na mia kadhaa. Hela ilitoka kwenye ile Noah niliyoiuza, kikoba, na kaka zangu wawili Mungu awabariki.

Kodi sasa. Ejenti wa kwanza wa kutoa gari bandarini aliniambia hakuna msamaha wa gari la mlemavu kwa mtu binafsi, ni taasisi tu, lipa kama kawaida. Nikamwamini kwa siku mbili. Kisha nikatafuta mwenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, imeandikwa wazi kuwa vifaa vilivyotengenezwa maalum kwa ajili ya watu wenye ulemavu havilipi ushuru wa forodha, likiwemo gari moja. Nikachapisha ule ukurasa nikaupigia mstari mwekundu. Nikapata barua ya daktari, barua ya ustawi wa jamii, cheti cha kuzaliwa, picha za lile gari zikionyesha ubao na winchi, ile mashine ya kuvuta kiti ndani, na ejenti nikabadilisha. Ule ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani jamani, siyo hela ya kuachia mtu kwa sababu kasema hapana. Nilianza kufuatilia gari likiwa bado halijapanda meli, na nashukuru, maana barua moja ilirudishwa mara mbili na gari likikaa bandarini kila siku ni pesa. Kodi ya uchakavu, ile ya gari kuukuu, nililipa, hilo jicho liwe kwenye mwaka wa gari, likizidi miaka 10 ile asilimia inapanda sana. Jumla mpaka linaingia getini kwangu haikufika milioni 19.

Rimoti ya winchi ilikuja na maandishi ya Kijapani. Nikaipiga picha na simu ikatafsiri, nikabandika plasta juu ya kila kitufe nikaandika kwa kalamu: VUTA, SHUSHA, SIMAMA. Zinatoka kamba mbili za mkanda mbele ya gari, unazipitisha mpaka kwenye fremu ya mbele ya kiti, unabonyeza, winchi inamvuta mtoto na kiti chake polepole huku wewe umesimama nyuma yake unaelekeza tu. Siku hizi rimoti anashika mwenyewe, na neno la kwanza alilosema siku ile ya kwanza akiwa amefika ndani ni "tena".

Mwezi wa saba gari likashuka nyuma likagoma kupanda. Fundi wa kwanza akasema kompyuta imekufa, iagizwe, laki nane. Wa pili akalala chini akatoka na jibu jingine: "Mama, hii mifuko ya upepo inayoshusha na kupandisha gari tuitoe, tukuwekee springi za Ractis ya kawaida, hutasumbuka tena." Nikamuuliza, nikiweka springi litashuka? Akanyamaza. Kwa sababu lisiposhuka ule ubao unakuwa mlima uleule wa Noah, na mimi mlima ule naujua. Nikaliondoa gari langu kwake kwa spidi ya kutembea. Nikamwendea kijana wa pancha hapa jirani, nikamwambia wewe kazi yako ni kutafuta upepo unapotokea, nitafutie. Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha plastiki, akachukua brashi ya kupakia rangi, akapaka kwenye kila ungio la mpira huku gari linanguruma likijaribu kujaza. Juu ya tairi la kulia, pale bomba jembamba jeusi linapoingia kwenye mfuko, likatoka povu dogo, likavimba, likapasuka, likavimba tena. Ncha ya bomba ilikuwa imechanika kama ukucha. Akaikata sentimita moja kwa wembe, akairudisha ndani mpaka ikalia tik. Gari likanyanyuka. Aliomba elfu tano, nikampa ishirini.

Kinachonisumbua sasa hivi ni mkanda wa winchi wa kulia, umeanza kutoa nyuzi pale unapopita kwenye kibanio, kama kidole kimoja hivi kutoka kwenye ndoano. Wa kushonesha sitaki, nataka uleule uliotoka na gari. Mwenye kujua anayeuza hapa Dar au anayekata magari haya kwa spea naomba aniambie, niko tayari kumfuata popote alipo.