Gawa kwa urefu wa b, si wa a

Leo jioni hapa Dodoma, kwenye marudio ya kidato cha tano, swali moja limeligawa darasa: tafuta komponenti, yaani urefu wa kivuli, ya vekta a = 2i + 6j kwenye mwelekeo wa vekta b = 3i + 4j.

Zidisha i kwa i, j kwa j, jumlisha: 6 + 24 = 30.
Gawa kwa urefu wa b, yaani √(9 + 16) = 5.
Jibu ni 6.

Wengi wameishia 30. Haiwezekani jamani! Urefu wa a wenyewe ni kama 6.32 tu, na kivuli chake juu ya b hakiwezi kuuzidi.

Ukiombwa vekta, gawa 30 kwa 25, kisha zidisha b: 3.6i + 4.8j.

Komponenti ikitoka hasi, usiifute alama hiyo: pembe kati ya a na b imezidi nyuzi 90.

Walimu wenzangu, wa kwenu hukwama wapi?