Nilivyojenga chumba cha siri Kisumu kwa nusu ya makisio

Mtu akisikia unajenga chumba cha kutunzia siri, swali la kwanza ni mlango: wa chuma? Kufuli gani? Nimechoka na swali hilo. Mlango una bei yake, lakini pesa nyingi za kazi hii humezwa na matundu, na mahali chumba kinapokaa ndani ya jengo.

Nilipewa kazi na ofisi moja hapa Kisumu inayopokea maelezo ya mashahidi. Walitaka chumba cha faili na mazungumzo yasiyosikika nje. Mkandarasi aliyenitangulia alikuwa amewapa makisio ya milioni tatu hivi: mlango kama wa benki, kamera kila kona na povu la kubandika ukutani. Mwingine aliwashauri wabandike trei za mayai. Trei za mayai! Povu na trei hupunguza mwangwi ndani tu. Sauti inaendelea kutoka nje. Kinachoizuia ni uzito wa ukuta na kukosekana kwa upenyo.

Niliuazima mwongozo wa Marekani, ambako vyumba hivi huitwa SCIF na kanuni yake ni ICD 705 ya 2010, agizo la mashirika yao ya ujasusi. SCIF halisi lazima iidhinishwe na serikali yao, lakini maarifa yaliyomo yanafaa popote. Ukuta hupimwa kwa STC, namba ya uwezo wake wa kuzuia sauti, ikiwa kubwa huzuia zaidi: 45 kwa mazungumzo ya kawaida, 50 panapotumika vipaza sauti. Sasa shika hesabu hii: ukuta wa 50 ukiachiwa upenyo wa asilimia 1 tu ya eneo lake, unashuka hadi karibu 20. Ukuta mzuri wa laki kadhaa unaliwa na nafasi iliyo chini ya mlango.

Wenye kazi walikitaka chumba cha kona, chenye madirisha yanayotazama ziwa. Nilikataa kabisa. Nikawahamishia stoo ya katikati, isiyo na dirisha, yenye kuta mbili tayari za mawe ya inchi 9. Hapo ndipo gharama ilipoanguka. Kuta nyingine ziliishia kwenye dari ya jipsamu, juu yake wazi ofisi hadi ofisi. Tukazipandisha mpaka kwenye slabu ya zege.

Joto la Kisumu halikuruhusu chumba kilichozibwa bila AC. Nilichagua ile ya vipande viwili, maana hupitisha mabomba membamba tu. Hewa safi ilihitaji njia yake. Wamarekani hudai nondo kwenye njia inayozidi inchi 96 za mraba, nami nikaifanya inchi 8 kwa 10, yaani 80 tu. Nikaipinda mara mbili na kuivisha pamba ya kioo ndani. Nyaya zote ziliingilia sehemu moja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilinisaidia kuwatuliza waliolalamikia gharama, kwa sababu faini yake inaweza kufika milioni 5.

Kazi ilipofika mwisho, niliipima kwa njia ambayo sijaona mkandarasi mwingine akiitumia hapa. Usiku tulizima taa zote, fundi akaingia ndani na tochi kali, mimi nikabaki nje gizani. Panapochungulia mwanga, sauti nayo inapita. Mwanga ukatokeza karibu na bawaba. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, wa laki mbili na kitu, wenye mpira wa chini unaoshuka wenyewe mlango ukifungwa. Tulirekebisha fremu, mwanga ukakatika.

Kisha nikakodi spika kubwa kwa kijana wa sherehe kule Nyalenda, nikaiweka ndani ikisoma taarifa ya habari. Muziki hauna maana hapa, unachotaka kujua ni kama maneno yanaeleweka. Mimi na mwenye ofisi tuliuzunguka ukuta, kila mmoja na karatasi, tukiandika neno lolote tulilolinasa. Karatasi zetu zilikuwa tupu, ila upande wa ofisi ya uhasibu: humo niliandika jina la kaunti na neno "bajeti". Soketi mbili zilikuwa zimewekwa mgongo kwa mgongo, moja kila upande wa ukuta, tundu likiwa wazi kati yao. Fundi akahamisha moja, akaziba kwa plasta na silikoni, tukarudia habari zile zile. Mwenye ofisi akazunguka peke yake mara mbili, hakuandika kitu.

Jumla haikufika milioni moja na nusu, ukiweka na kazi ya ulinzi wa usiku wakati wa ujenzi, ambayo wengi husahau kuipangia bajeti.