Fungua Kwanza

Juzi fundi wa pampu ya maji alikuja, akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akatoa hukumu: "Mama, hii nunua mpya." Nikamwambia afungue kwanza. Akamtazama binti yangu kama anayeomba msaada. Alipoondoka, binti akaniuliza: "Hivi mama, kwa nini kwetu kila kitu lazima kifunguliwe kwanza?"

Muulize babu yako na mashine yake ya kukatia nyasi.

Mnaoikumbuka El Niño mnajua mvua ile. Ilianza mwishoni mwa 1997, ikavuka mwaka mpya bila kupumzika, na kufikia Februari ukoka wa mbele ya nyumba yetu pale Moshi ulikuwa unagusa magoti. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa dada. Watu wa Machame hao, na mbege yao, na wazee wao wenye macho ya kukagua. Baba akasema hawatapita kichakani kuja kwake.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kusukuma, injini ya Kimarekani ya nguvu farasi 3.5. Baba aliinunua kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anafunga mizigo, na hata huyo mzungu hakuwa mmiliki wake wa kwanza. Alhamisi kaka akaipitisha juu ya jiwe lililofichwa na nyasi. Mlio mmoja, kisha kimya. Tangu hapo kamba ya kuwashia ikawa haishikiki: ukivuta, nayo inakuvuta, mpaka bega linauma, huku kabureta inapiga kama bunduki. Tukatoa plagi, cheche ipo. Petroli ipo. Mjomba akasema injini imekufa, "Shemeji, hiyo tupa," na kwamba anamjua mtu Dar mwenye mpya za bei nzuri. Mjomba alikuwa anamjua mtu Dar kwa kila kitu. Mama naye alikuwa na lake: uza chuma hicho, mwite kijana mwenye fyekeo, mambo yaishe. Baba hakumjibu yeyote.

Ijumaa asubuhi tukaipakia kwenye pikapu ya jirani mpaka Majengo, kwa fundi wa injini za mashine za kusaga. Mimi nilipelekwa kuishikilia isidondoke.

Fundi alisikiliza maneno mawili tu, "iligonga jiwe", akatabasamu. Akafungua kifuniko cha juu, akafungua nati, akachomeka bisibisi chini ya lile gurudumu zito lenye sumaku, flaiwili, akaibana kwenda juu huku akigonga kichwa cha shafti kwa kipande cha mti. Ikaachia. Akaniita mimi, siyo baba. "Njoo uone." Kwenye shafti kulikuwa na mfereji mwembamba, na ndani ya flaiwili mwingine, na ilipaswa itazamane. Haikutazamana. Kati yake kulikuwa na kijipande cha kijivu, kidogo kuliko ukucha wangu, kimekatwa na kulala mshazari. Akakichokonoa kwa msumari, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chepesi ajabu, kinanuka oili.

"Hii ndiyo kii," akasema. "Kisu kikigonga jiwe, shafti inasimama ghafla, lakini flaiwili bado inataka kuzunguka. Hapo lazima kitu kivunjike. Walioitengeneza wakaona bora kivunjike hiki." Sumaku ya flaiwili ikipita mbele ya koili ndipo cheche inatoka; flaiwili ikihama kidogo tu, cheche inawahi, inaikuta pistoni bado inapanda na kuirudisha ilikotoka. Ndiyo maana kamba ilikuwa inatunyang'anya mikono.

Baba akataka awekewe ya chuma kigumu, isikatike tena. Fundi akatikisa kichwa. "Mzee, ukiweka ngumu, siku nyingine utaniletea shafti iliyopinda." Akatafuta kipande cha aluminiamu kwenye mabaki yake, akakibana kwenye jiliwa, akaanza kukipiga tupa. Anapiga, anajaribu kwenye mfereji, anapiga tena. Baba alisimama palepale muda wote, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kamba ilipovutwa, injini ikaitika. Malipo: bei ya soda mbili.

Wakwe walipita, mbege ikanyweka, dada akaolewa. Hayo yana picha zake.

Shida ni kwamba tangu siku ile baba aliamini kila ubovu duniani ni wa soda mbili. Mashine ilipoanza kutoa moshi wa bluu, fungua kwanza. Zikabadilishwa ringi za pistoni. Zikafuata valvu. Bodi ikaoza kwa kutu, ikachomelewa mpaka sijui kama kulikuwa na chuma cha asili kilichobaki. Redio ilifunguliwa, ikawa ni waya tu, imani ikaongezeka. Jokofu likafunguliwa. Gari likafunguliwa, na mpaka baba anastaafu lilikuwa bado limefunguliwa.

Krismasi moja kaka, ambaye siku hizi kazi yake ni mahesabu, alilichukua daftari la baba la matumizi, akajumlisha. Akasema kwa fedha ile tungenunua mashine mpya, na siyo moja. Baba akasema mpya nazo zinaharibika, tena ukizifungua hamna kitu ndani. Mama akauliza kama pikapu ya jirani imehesabiwa. Halafu akaweka miwani, akafuata mistari kwa kidole mpaka Februari 1998.

"Hii ya kii itoe humu," akasema. "Hii ni ya harusi."

Kaka akaitoa. Jumla haikutikisika.