Ukurasa Nilioutia Alama ya Vema Bila Kuusoma
Juma lililopita mzazi mmoja alinifungulia daftari la mwanawe na kunionyesha ukurasa niliokuwa nimeutia alama ya vema bila kuusoma, ilhali chini kabisa mtoto alikuwa ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, kwamba haoni ubaoni. Nilimwomba radhi mzazi, kisha nikamwomba radhi mwanafunzi mwenyewe, kwa kuwa aliyekosewa hasa ni yeye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka maslahi ya mtoto yapewe kipaumbele katika kila hatua inayomhusu, na kusahihisha daftari, kwangu mimi, ni hatua ya aina hiyo. Sasa anakaa dawati la mbele, na wazazi wake wamekubali kumpeleka akapimwe macho.